Gia ya Tatu Iliitwa Kakuma

Klachi ikiungua hunuka kama kwato za mbuzi zilizotupwa motoni, na mimi harufu hiyo naipenda. Kukiri hivyo kumenichukua zaidi ya nusu ya maisha. Kila nilipoulizwa kuhusu msimu ule niliokaa ndani ya lori la Baba, tukienda na kurudi kati ya Lodwar na Kakuma, nilijibu kwamba niliuchukia. Nilimwambia hivyo Mama, nikawaambia wenzangu wa chuo kikuu, nikamwambia mwanamume niliyekaribia kuolewa naye, na siku moja, Mungu anisamehe, nikausimulia katika kongamano jijini Nairobi, kadi ya jina ikining'inia shingoni, kama mfano wa mtoto aliyenyang'anywa likizo yake. Ukumbi uliguna kwa huruma. Mama mmoja wa safu ya mbele alinipitishia karatasi laini ya kufutia machozi, nikaipokea kwa heshima ingawa macho yangu yalikuwa makavu kama laga ya Januari, mto wa mchanga mtupu. Ukweli ni kwamba sijawahi kufurahi vile tena. Nimesoma, nimesafiri, nimepandishwa cheo, nimeandika vitabu vinavyosomwa na wanafunzi wasio na la kufanya, na bado furaha yangu kubwa kabisa ilikuwa kushika rungu la gia lililopauka, katika lori lililonuka kwato.

Nakiri sasa kwa sababu natafuta gari. Nina umri ambao watu hunishauri kununua gari pana, la kijivu, lenye mahali pengi pa kuwekea chupa. Badala yake nimependa gari dogo la spoti, la mitumba kutoka Japani, lenye turbo na viti vinavyomkumbatia mtu kwa nguvu kuliko jamaa zake. Mwuzaji ni kijana wa yadi moja Nairobi aitwaye Brayo, anayeniita Mathe, yaani mama, na kunitumia picha ambazo sikuziomba. Brayo anayo mawili. Injini ni ile ile, mwaka ni ule ule, hata wekundu ni ule ule. Moja ni la gia za mkono, gia sita, na lingine ni la otomatiki. Ameahidi kunishikia yote mawili hadi nitakapoamua, na kila asubuhi ananiuliza nimeamua nini. Wenzangu hapa chuoni Lodwar wamekwisha kuamua kwa niaba yangu. "Daktari, turbo ya nini huku?" aliniuliza mmoja tukiwa kwenye chai. "Unataka kushindana na ngamia?" Nimewaeleza kwamba gari la mbio lisilo na klachi ni sawa na farasi wa kwenye bembea. Nimewaeleza jinsi mtu anavyoishusha gia kabla ya kona ili injini iwe tayari, na kwamba magari ya namna hiyo yanakoma kutengenezwa, kwa hiyo hii ni nafasi yangu ya mwisho. Hoja zote hizo ni za kweli, na hakuna hata moja iliyo sababu. Sababu ni lile lori. Na kinachonikwaza ni Baba, anayeishi Kakuma hadi leo, mzee mwenye miguu mizima na macho mazuri na mkono wa kushoto usioweza kushika kitu. La otomatiki angeweza kuliendesha. La gia hawezi, isipokuwa mimi niketi kando yake. Hilo ndilo ninaloliamua, na Brayo hajui.

Msimu wenyewe ulikuwa wa likizo ndefu, miaka ile ambayo kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilikuwa ikiongezeka upande kwa upande. Baba alitoka pande za Bungoma akaja Lodwar kwa ajili ya kazi, kama watumishi na wachuuzi wengi wa wakati huo waliosema wamekuja kwa muda, wakazeekea hapo. Aliendesha lori la mkandarasi mmoja aliyepeleka kambini mablanketi, sabuni na magunia ya mahindi, na mara nyingine watu. Mkandarasi huyo tulimwita Bosi, hata sisi watoto, hata mkewe. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sheria moja tu: dereva mgonjwa apumzike, na aliyepumzika asirudi. Nje ya lango lake walikaa vijana wenye leseni mifukoni mwa mashati, wakingoja mtu apumzike.

Basi siku moja Baba alisimama kisimani kumsaidia mtu kuwasha injini ya pampu, zile za kuzungusha kwa mkono, nayo injini ikakohoa na kurudisha mpini kinyume. Mpini ulimvunja kifundo cha mkono wa kushoto. Hakwenda hospitali, maana Lodwar ya wakati ule mtu akienda hospitali asubuhi, habari zake hufika sokoni kabla hajapata zamu. Alikwenda kwa mzee mmoja mwunga mifupa, mzee akamfunga vijiti na kitambaa, na kuanzia siku hiyo Baba akawa mwanamume pekee wa Lodwar aliyevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Joto la huku halina utani. Watu walimwuliza kama ameokoka.

Kwa wasiojua lori la zamani: usukani uko kulia, klachi iko chini ya mguu wa kushoto, na gia ziko kwenye fimbo ndefu inayotoka sakafuni, kushoto kwa dereva. Mkono wa kulia wa Baba ulitosha kwa usukani. Mguu wake ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni mkono wa kushoto, na katikati ya kiti, karibu kabisa na ile fimbo, palikuwa na nafasi ya mtu mwembamba. Mimi nilikuwa mwembamba hata kwa viwango vya Turkana. Jumapili baada ya ibada alinipeleka laga ya Kawalase, ambako hakuna cha kugonga ila mchanga, akaniketisha hapo. "Mayi," aliniita, kwa kuwa nilipewa jina la mamake na kwa Kibukusu mama ni mayi, "wewe utakuwa mkono. Mimi nitakuwa mguu." Mama alikuwa amesimama ukingoni, mikono kiunoni. "Na akili itakuwa nani?" aliuliza. Baba akawasha injini.

Tatizo la kwanza lilikuwa kelele. Injini ilinguruma ndani ya kabini kana kwamba imeketi nasi, na kila Baba alipoita "mbili" mimi nilisikia "ngapi", na nilipouliza "ngapi?" yeye alisikia "mbili", akaachia klachi. Meno ya gia yalisaga hadi kunguru wakahama. Baba alizima injini, akafikiri kidogo, kisha akazipa gia majina ya barabara yetu kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa mpangilio ambao kila mtoto wa dereva aliujua kama jina lake. Ya kwanza ilikuwa Kainuk. Ya pili Lodwar. Ya tatu Kakuma. Ya nne, ya mwisho, Loki, kwa maana ya Lokichoggio, mpakani. Ya kurudi nyuma aliiita Lokitaung, kwa sababu, alisema, huko wafungwa wa wakoloni walipelekwa zamani bila kupenda, na gia hiyo nayo haiingii kwa kupenda. Majina hayo hayakufanana hata kidogo masikioni. Kufikia jioni tulikuwa tunapanda na kushuka laga bila kusaga, Baba akiita miji kama kondakta, nami nikiifikia mmoja baada ya mwingine bila kutoka kitini.

Sijui nieleze vipi furaha ya kitu hicho kwa mtu ambaye gari lake hujiamulia. Nyumbani Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo yalihusu kufunga mlango ili mbuzi wasiingie. Ndani ya lori tulizungumza kutwa. Alipokanyaga klachi nilihisi fimbo ikilegea mkononi, kama mtu anayekaribia kusema jambo, na baada ya wiki chache sikuhitaji tena kuitwa. Nilisikia injini ikilalamika kabla ya kilima, nikajua tunarudi Lodwar. Nilisikia ikitulia kwenye tambarare baada ya kile kilima kidogo cha mawe, nikajua tunakwenda Loki. Mguu wake na mkono wangu vilikutana mahali fulani chini ya sakafu, kwenye mafuta na chuma, ambapo sisi wawili hatukuweza kuonekana. Wakati huo magari yalisafiri kwa msafara kwa hofu ya majambazi, na askari wa akiba aliyepanda juu ya shehena alikuwa akiinama dirishani tukisimama. "Ejok, mzee," alimsalimu Baba kwa Kiturkana. "Gari yako leo nalia kidogo. Ile wiki ingine ilikuwa nalia kama ngamia nazaa." Baba alimjibu, "Ejok-nooi," akanitazama kwa pembe ya jicho. Sijawahi kupewa cheti kizuri kuliko kile.

Kisha tukampakia Mama Bahati. Alikuwa mama wa Kikongo aliyefika Lodwar baada ya safari ambayo hakupenda kuisimulia, na watu wa kanisa walimwombea nafasi katika lori letu, yeye na mwanawe mchanga, hadi kambini. Magodoro yake yalikwenda juu, yeye akakaa dirishani, mimi katikati. Kwa mwendo mrefu aliangalia miiba na vilima kama mtu anayekagua nyumba aliyopangishiwa bila kuulizwa. Bosi mwenyewe alikuwa kwenye msafara siku hiyo, mbele yetu, katika pikapu yake. Tulipofika laga moja yenye mchanga mzito, lori likaanza kuzama, Baba akapaza sauti, "Lodwar! Rudi Lodwar! Haraka, Mayi, Lodwar!" Nami kwa bidii nikajibu, "Narudi Lodwar!"

Mama Bahati alifungua mlango. Lori lilikuwa linajikokota, lakini hata kama lingekuwa linakimbia sidhani angejali. Aliruka mchangani na mtoto wake kifuani, akakimbilia mbele ya lori, akasimama hapo kama mti. "Miye sirudi Lodwar!" alipiga kelele. "Banisema Kakuma! Kila mahali banisema endelea, kisha banisema rudia. Sirudi! Mutuuwe hapa hapa!" Baba alikanyaga breki, injini ikazimika, klachi ikatoa moshi na ile harufu yake, na kwa mara ya kwanza siku nzima kukawa na kimya. Baba alitoa kichwa nje. "Mama, si mji," alisema. "Ni gia." Mama Bahati akamtazama kama mtu anayedanganywa na mtaalamu.

Nilishuka nikamvuta mkono hadi mlangoni, nikamwonyesha fimbo. Hapa Kainuk, nikasema, hapa Lodwar, hapa Kakuma. Alitazama fimbo, akatazama mkono wangu, kisha akatazama shati la Baba lililofungwa hadi kifundoni, na mkono wa kushoto uliolala pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Niliona anaelewa. Wakati huo huo niliona Bosi amesimamisha pikapu ng'ambo ya laga na anakuja kwa miguu, akipepea kofia. Baba naye alimwona. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiomba kwa namna ile. Hakuomba kwangu wala kwa Mama Bahati. Aliangalia tu kioo cha mbele.

"Nani amesimamisha gari katikati ya mchanga?" Bosi aliuliza.

"Miye," alisema Mama Bahati. Alikuwa amekwisha kumgeuza mtoto kifudifudi mkononi. "Mutoto anataka kutapika. Nilimuambia baba huyu asimame. Alikatala, nikaruka." Kisha akamkazia macho. "Wee, kwenu batoto habatapiki?"

Bosi alisema kwao wanatapika. Alimtazama Baba, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na mkono juu ya rungu la gia, akauliza, "Na huyu?" Baba akasema, "Anapenda kuchezea." Bosi alicheka, akanipiga kofi dogo la upendo kichwani, akarudi kwenye pikapu yake. Tulichimbua magurudumu, tukaweka matawi, tukatoka. Njia yote iliyobaki Mama Bahati aliita gia pamoja nasi, akikosea makusudi, akitupeleka Lokitaung tukiwa mbioni, akicheka peke yake hadi machozi. Tulipoingia Kakuma aliushika mlango muda kidogo kabla ya kushuka.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, vijiti vilikuwa vimetolewa na mkono ulikuwa umeunga vibaya. Vidole vilijikunja nusu na kukataa kuendelea. Mimi nilikuwa na mpango tayari: ningeacha masomo muhula mmoja, tungeona mambo yanavyokwenda. Nilikuwa nimeuficha mpango huo hadi jioni ya kuamkia siku ya kwanza. Sikupata nafasi ya kuutoa. Baba alirudi nyumbani kwa miguu, bila lori, akasema amemrudishia Bosi ufunguo. Alimwambia amechoka na barabara. Asubuhi iliyofuata kijana mmoja wa langoni alipita mbele ya shule yetu akiendesha lori letu, akisaga ya pili vibaya sana. Baba alikwenda Kakuma akafungua kibanda cha vipuri vya baiskeli, sisi tukabaki Lodwar na Mama kwa ajili ya masomo, na tangu hapo sijamwona ameketi nyuma ya usukani. Ndiyo maana nilisema niliuchukia msimu ule. Ilikuwa rahisi kuliko kusema kwamba niliupenda, na kwamba ulipokwisha mimi nilipata shule na yeye akapata baiskeli za watu.

Barabara sasa ni lami. Jumamosi nyingi naazima gari la rafiki, la otomatiki, nakwenda Kakuma kumwona, na naweza kufika bila mkono wangu wa kushoto kujua kwamba tumesafiri. Laga zina madaraja. Hakuna msafara. Kambi imekuwa mji, na baada yake Kalobeyei imekuwa mji mwingine, wenye vijana wanaozungumza lugha nne katika sentensi moja na kunipita kwa pikipiki. Sina haki ya kulalamika, maana watu walikufa kwenye ile barabara ya zamani, na anayetamani mashimo ni yule aliyekuwa mtoto wakati wengine wanayavuka. Lakini nimechoka. Nimechoka na simu inayonimalizia maneno, na mikutano inayofikia uamuzi kabla sijaketi, na kuwa mtu ambaye vitu vyote humwendea vyenyewe bila kuhitaji mkono wake. Nilitaka gari linalonihitaji. Na niseme lote: nilitaka gari ambalo Baba hawezi kuliendesha bila mimi. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia Brayo ujumbe kwamba nachukua lile la gia. Bado sikuwa nimeutuma.

Simu ililia mchana, nikiwa nasahihisha mitihani.

"Mayi."

"Mulembe, Baba."

"Mulembe. Nasikia unanunua gari."

Habari za Lodwar hufika Kakuma kabla ya mwenyewe kuzijua. Nikamwambia yako mawili, nikamweleza tofauti. Nikaharakisha kusema kwamba nimevutwa na lile la gia, kwamba tungeweza kuliendesha pamoja, kama zamani, yeye mguu, mimi mkono. Nilisikia mtu akijaza upepo gurudumu kibandani kwake, pampu ikipumua.

"Msimu ule mimi sikuupenda," alisema. Alisema bila hasira, kama mtu anayekueleza kwamba hatumii sukari. "Kila ulipogusa ile gia niliona aibu. Mtoto wangu ananishikia kazi. Nilikuwa naomba shule zifunguliwe."

Pampu ikanyamaza.

"Leseni yangu iko hai," akaendelea. "Nimeilipia miaka yote. Hata mama yako alipokuwa mgonjwa, niliilipia."

"Sikujua, Baba."

"Hukuuliza."

"Unataka kwenda wapi? Si nije nikupeleke?"

"Hapana. Peke yangu."

"Wapi lakini?"

"Nitajua nikishawasha." Akakohoa kidogo. "Hilo la oto. Lina nguvu?"

"Lina turbo, Baba."

"Basi hilo," alisema, akakata.